Kituo cha data kinajengwa jirani: nifunge karakana nikaombe kazi huko?

SWALI

Ndugu washauri,

Mimi ni fundi umeme mwenye leseni. Kwa miaka tisa nimekuwa nikifunga umeme wa nyumba, maduka na shule. Nina karakana ndogo na vijana wawili wanaojifunza kazi kwangu. Mdogo wangu ni fundi bomba, na kuchomelea pia anajua.

Karibu na tunapoishi wameanza kusafisha eneo la kujenga kituo cha data, yaani jengo la kuwekea kompyuta nyingi zinazofanya kazi usiku na mchana. Maneno ni mengi: kwamba watahitajika mafundi mamia kwa mamia, kwamba malipo ni makubwa kuliko tunayoyapata mtaani, kwamba ukichelewa nafasi zitachukuliwa na watu wa mbali. Mafundi wawili ninaowaheshimu wameshawaambia wateja wao kwamba hawapokei kazi mpya. Na kuna dalali anayetutaka tulipe ada ya usajili pamoja na kozi ya siku tatu. Anasema atakayelipa ataingizwa kazini moja kwa moja.

Ukweli ni kwamba kebo nene kuliko zote niliyowahi kuunganisha ni ya milimita za mraba 25. UPS kubwa (mtambo wa betri unaoshika mzigo umeme ukikatika) sijawahi kuigusa, wala jenereta za ukubwa huo. Naomba mniambie: ujuzi wa nyumba una thamani pale, au nitakuwa mtu wa kubeba ngazi? Nijifunze nini kwanza? Nifunge karakana? Na ujenzi ukiisha, mtu kama mimi anabaki na nini? Mdogo wangu naye anauliza kama jengo la kompyuta lina kazi ya mabomba.

Ni mimi,
Fundi wa Njia Panda

JIBU

Ndugu yetu fundi,

Tuanze na dalali, maana hilo ndilo lenye haraka: usimpe chochote. Mwenye kituo cha data kwa kawaida haajiri mafundi wa ujenzi. Yeye huingia mkataba na mkandarasi mkuu. Mkandarasi mkuu huigawia kampuni moja kazi ya umeme na nyingine kazi ya upoozaji, na kampuni hizo nazo hutafuta wakandarasi wadogo wa kufunga trei za kubebea kebo, kuvuta kebo, kulaza faiba (nyaya za kioo za mawasiliano) na kuweka mifumo ya kuzuia moto. Atakayekuandika wewe kazi yuko ngazi ya tatu au ya nne kutoka juu, na kumpata hakuhitaji ada. Soma ubao wa mradi getini, andika jina la mkandarasi mkuu, kisha peleka barua ofisini kwake ukiuliza kazi ya umeme imepewa nani. Ukijibiwa kwamba bado haijatolewa, rudi baada ya mwezi. Mafunzo ya usalama ya kuingia eneo la ujenzi huendeshwa na wakandarasi wenyewe kwa watu waliokwisha kuwachukua. Na hakuna msimamizi wa umeme mwenye akili timamu atakayemkabidhi mtu paneli kuu kwa sababu ana cheti cha siku tatu.

Sasa swali lako lenyewe. Ujuzi wa nyumba una thamani pale, na una thamani kubwa kuliko unavyodhani. Kusoma mchoro, kuijua fezi na nyutro na ethi, kuchagua kebo na breka zinazolingana, kutafuta hitilafu kwa mpangilio: vyote hivyo unakwenda navyo. Pengo lako liko mahali pawili. Hujazoea mikondo mikubwa, na hujazoea kuandika kila unachokifanya. Tutakaa kwenye hayo mawili, kwa kuwa ndiyo yanayomtenganisha fundi anayetafutwa na fundi anayesubiri getini.

Mikondo kwanza. Transfoma moja ya MVA 2.5 (MVA ni kipimo cha uwezo wa transfoma) inayoshusha umeme hadi volti 400 hutoa takriban ampea 3,600 kwa kila fezi. Kituo kikubwa kinakuwa na transfoma za namna hiyo nyingi, pamoja na majenereta, UPS na paneli zinazoendana nazo. Umeme hutoka transfoma kwenda paneli kuu, ambako kuna swichi ya kujigeuza yenyewe kati ya gridi na jenereta. Kutoka hapo huingia UPS, kisha paneli za ugavi, kisha basiba (vipande bapa vya shaba au alumini vinavyobeba mkondo) au kebo zinazofika kwenye kila raki, yaani kabati la kompyuta. Njia hiyo mara nyingi hujengwa mara mbili, upande A na upande B, ili upande mmoja ukifa kompyuta zisijue.

Kwa nini ukubwa wa mkondo ubadilishe kazi yenyewe? Piga hesabu ya kiungo kimoja. Joto la kiungo ni mkondo ukijizidisha wenyewe, mara ukinzani. Kiungo kizuri cha bolti chenye ukinzani wa maikroohmu 10 (maikroohmu ni sehemu moja ya milioni ya ohmu), kikipitisha ampea 2,000, hutoa wati 40. Nati ikilegea au uso ukiwa mchafu hata ukinzani ufike maikroohmu 100, kinatoa wati 400 mahali padogo ndani ya kabati lililofungwa, usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi. Kiungo kibovu hicho hicho kwenye ampea 16 za nyumbani hakifiki hata sehemu ya kumi ya wati. Kwenye nyumba ungeweza kuishi nacho maisha yako yote usikione. Hapa kitaikaanga insulesheni (ganda la kebo), na siku kitakapowaka kitazima ukumbi mzima wa kompyuta.

Kwa hiyo kuunganisha ncha za kebo kubwa ndiyo kazi ya kwanza ya kujifunza. Chukua mfano wa kebo ya shaba ya milimita za mraba 240 inayoingia paneli kuu. Ncha hukatwa sawasawa, bila mshazari, kwa mkasi wa kebo. Msumeno huacha unga wa shaba, na unga huo ukiangukia ndani ya paneli unatafuta mahali pa kupiga shoti. Unapima kina cha shimo la lagi (kichwa cha metali kinachobanwa kwenye ncha ya kebo), unamenya insulesheni urefu huo na milimita chache za nyongeza, bila kukwaruza nyuzi. Lagi iwe ya 240, na dai (vibanio vinavyowekwa kwenye mashine) za mashine ya kubania ziwe zile anazotaja mtengenezaji wa lagi. Hapa ndipo wengi huharibu: dai ya aina moja kwenye lagi ya aina nyingine inaweza kubana ikaonekana safi kwa nje huku nyuzi za ndani zikiwa na nafasi. Sukuma kebo mpaka uione shaba kwenye tundu dogo la ukaguzi, kisha bana idadi kamili ya mibano iliyoandikwa. Mbano ukitoa masikio makubwa pembeni, dai na lagi havilingani. Kata, anza upya. Usiyapige tupa ukayaficha.

Kwenye basiba, uso wa lagi ugusane na uso wa basiba bila kitu katikati. Washa hukaa chini ya kichwa cha bolti na chini ya nati, kamwe si kati ya lagi na basiba. Kosa hilo dogo tumeshalitaja kwa mafundi wengi kwa sababu linarudiwa na watu wazoefu wenye haraka. Kama kebo ni ya alumini, uso wake hujifunika utando usiopitisha umeme mara tu unapomenywa, kwa hiyo husuguliwa kwa brashi na kupakwa grisi yake maalumu papo hapo, na pale inapokutana na shaba hutumika lagi ya metali mbili. Kisha kaza kwa spana ya toki (spana inayopima nguvu ya kukaza) hadi namba aliyotoa mtengenezaji wa paneli. Namba hiyo usiikisie kwa mkono, hata kama mkono wako ni mzuri. Mwisho chora mstari wa rangi unaopita juu ya nati, ncha ya bolti na basiba, ili nati ikisogea mstari ukatike na mkaguzi auone kwa tochi.

Mengine mawili ambayo nyumba haziwezi kukufundisha. Kebo za kiini kimoja zenye mkondo mkubwa, zikipita kila moja kwenye tundu lake katika bati la chuma, hulipasha bati hilo moto kwa nguvu ya sumaku, hata kama kila kiungo kimekazwa vizuri. Ndiyo maana bati la glandi, ambalo kebo huingilia kwenye paneli, huwa la alumini, na ndiyo maana kebo za fezi tatu hufungwa pamoja kwa umbo la pembetatu na kubanwa kwa klipu imara kila baada ya umbali uliopangwa. Shoti ikitokea, kebo hizo husukumana kwa nguvu ya kuzing'oa kwenye trei. La pili: kebo kadhaa zinazobeba fezi moja kwa pamoja lazima ziwe na urefu sawa. Iliyo fupi hujichukulia mkondo mwingi kuliko wenzake na ndiyo huanza kuungua. Msimamizi akikuambia uiache kebo ndefu ijikunje kidogo badala ya kuikata, usione anapoteza shaba.

Sasa daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye kituo cha data kazi nayo ni hivyo hivyo: kazi isiyo na karatasi huhesabiwa haijafanyika. Kila kebo ina namba yake, kila kiungo kina fomu ya toki, kila saketi ina matokeo ya vipimo, jina la aliyepima, tarehe, na namba ya kifaa alichotumia pamoja na tarehe kifaa hicho kilipohakikiwa. Fundi anayejaza fomu kwa mwandiko unaosomeka, bila kuruka mstari, hupandishwa haraka. Hatusemi hivi kukufurahisha. Wasimamizi huteseka sana na mafundi hodari wa mikono wasiotaka kalamu.

Kipimo utakachoulizwa kwenye usaili ni cha insulesheni, kile ambacho mafundi wengi wanakiita mega. Kwa saketi za hadi volti 500, kanuni ya kimataifa ya umeme wa majengo, IEC 60364, inataka upime kwa volti 500 za DC (mkondo wa mwelekeo mmoja) na upate angalau megaohmu 1. Lakini elewa maana ya namba hiyo. Kebo mpya iliyo kavu husoma mamia au maelfu ya megaohmu. Ikisoma 2, kwenye fomu imepita, ila kuna unyevu, kuna mkwaruzo au kuna glandi iliyobana vibaya, na fundi wa kweli huitafuta sababu. Kabla ya kupima, toa vifaa vya kuzuia mawimbi ya ghafla na chochote chenye elektroniki, la sivyo utasoma namba ya uongo au utaua kifaa. Ukimaliza, iachie kebo chaji yake kabla ya kuishika. Kebo ndefu huhifadhi chaji ya kumrusha mtu kutoka kwenye ngazi.

Halafu kuna kosa ambalo kipimo hicho hakilioni kabisa. Raki ina nyaya mbili za umeme, moja ya upande A na moja ya upande B. Fundi mmoja akikosea lebo, zote mbili zikaunganishwa upande A, kila kitu kitawaka, kila kipimo kitapita, na jengo litaonekana limekamilika. Kosa litajulikana siku upande A utakapozimwa na raki yote izimike pamoja nao. Ndiyo maana kila kebo hufuatiliwa kutoka mwanzo hadi mwisho kabla ya lebo kuwekwa, na ndiyo maana lebo hukaguliwa na mtu wa pili.

Makosa ya namna hiyo yana hatua zake za kusakwa, na tunataka uzijue kwa mpangilio kwa sababu hapo ndipo kazi yenye kudumu ilipo. Upimaji wa mwisho huenda kwa ngazi tano. Kwanza vifaa hupimwa kiwandani. Pili hukaguliwa vikifika. Tatu hukaguliwa baada ya kufungwa na kuwashwa kwa mara ya kwanza. Nne kila mfumo hupimwa peke yake ukifanya kazi, kwa kutumia mashine za hita kubwa zinazochukua nafasi ya kompyuta. Tano mifumo yote hupimwa pamoja: umeme wa gridi hukatwa kwa makusudi, UPS hushika mzigo, majenereta hutakiwa kuwaka na kupokea mzigo kwa muda mfupi, mara nyingi karibu sekunde 10, huku upoozaji ukirudi kabla ukumbi haujapata joto. Viungo navyo hupigwa picha za joto wakati hita zimepakia mzigo mkubwa. Kile kiungo cha wati 400 hujionyesha hapo hapo. Wanaovuta kebo ni wengi. Wanaoweza kusimama mbele ya paneli kwenye ngazi ya nne na ya tano wakaeleza kilichotokea ni wachache kila mahali, na mradi hauwezi kufunguliwa bila wao.

Kuhusu usalama tutasema machache, ila uyashike. Kwenye nyumba umezoea kuzima breka ukaendelea na kazi. Kwenye kituo cha data, ukizima breka kuu bado kuna vyanzo vingine. Mnyororo wa betri 40 za volti 12 ni volti 480 za DC, zikiwa kwenye chaji hupanda hadi karibu 540, na betri hazina swichi ya kuziua zenyewe. Kwa hiyo utaratibu ni huu: kibali cha kazi mkononi, zima, funga kwa kufuli lako mwenyewe, tundika lebo yenye jina lako, jaribu kipimo chako kwenye chanzo unachojua kiko hai, pima sehemu unayotaka kuigusa, kisha rudi ukijaribu kipimo kwenye chanzo kile kile. Hatua ya mwisho watu huiruka. Kipimo kikifa katikati, kitakuambia hakuna umeme mahali ambapo upo. Ukiambiwa uifungue kufuli ya mwenzako kwa sababu amechelewa chakula, kataa, hata anayekuambia akiwa bosi.

Lini uombe? Hapa mafundi wengi hukosea kwa pande zote mbili. Eneo likisafishwa wanahitajika wa mitambo ya udongo, wa nondo na wa zege. Lakini mafundi umeme wachache huhitajika mapema sana, kabla zege halijamwagwa, kulaza mabomba ya kupitishia kebo chini ya ardhi na waya wa ethi unaozunguka msingi. Kazi hiyo ni ngumu na ya matope, ila wanaoifanya vizuri hubaki kwenye orodha ya msimamizi. Bomba likiziba zege kwa sababu mdomo wake haukufungwa, hakuna wa kulirekebisha tena bila kuvunja sakafu. Baadaye chuma hupanda na paa huwekwa, na wakati huo kazi ya umeme hupungua. Paa likikamilika ndipo idadi hupanda ghafla: trei, basiba, paneli, kebo, taa, ethi ya raki, faiba. Hapo ndipo mradi mkubwa huweza kuwa na mafundi na vibarua zaidi ya elfu moja. Kisha idadi hushuka kwa kasi ileile, wanabaki wapimaji. Ukiona kuta zinasimama, barua yako iwe imeshafika. Usingoje tangazo.

Jua pia kwamba si kazi yote hufanyika pale. Makampuni mengi sasa huagiza vyumba vya umeme vilivyokwisha kufungwa kiwandani, paneli na UPS na nyaya zake zikiwa ndani, vikaletwa kwenye lori na kuunganishwa tu. Uliza kama mradi wa kwenu ni wa namna hiyo. Kama ndivyo, nafasi za kufunga paneli zitakuwa chache, na kiwanda kinachovitengeneza vyumba hivyo ni mahali pengine pa kupeleka barua.

Mdogo wako asikae pembeni. Karibu kila wati inayoingia kwenye kompyuta hutoka kama joto, na joto hilo lazima liondolewe. Hewa inayoingia kwenye raki hupendekezwa iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Kwa hiyo jengo lina mashine za kupoza maji, mapampu, vali na mabomba ya maji baridi, mengine mapana kuliko kiuno cha mtu. Kazi ya kawaida ni bomba za chuma za kuchomelea au za kuunganisha kwa klampu, kisha kujaribiwa kwa maji kwa shinikizo la mara moja na nusu ya lile la kazi. Hewa yote hutolewa kwanza, kwa sababu bomba lenye hewa iliyobanwa likipasuka hurusha vipande.

Mahitaji yanayokua haraka zaidi ni ya mabomba ya chuma cha pua. Kompyuta za akili bandia hutoa joto jingi mno kwa hewa kuliondoa, hivyo kimiminika hupelekwa hadi juu ya chipu, kwenye bamba lenye mifereji myembamba kuliko milimita moja. Chembe ya takataka ya kuchomelea ambayo bomba la kawaida lisingeijali huziba mfereji huo. Mchomeleaji wa hapo anatumia TIG (kuchomelea kwa ncha ya tungsteni inayokingwa na gesi), na ndani ya bomba hupitisha gesi ya argoni muda wote wa kuchomelea. Asipofanya hivyo upande wa ndani huota magamba meusi, ambayo baadaye hubanduka na kusafiri na maji. Brashi na mawe ya kusagia ya chuma cha kawaida yasiguse chuma cha pua, yanakipandikizia kutu. Akitaka kujipima, ajifunze kuchomelea bomba lililofungwa kwa mshazari wa nyuzi 45 bila kuligeuza, lile jaribio linaloitwa 6G. Anayelipita huhesabiwa anaweza kuchomelea bomba likiwa limelala, limesimama au limeinama. Na akubali kwamba kuosha mabomba mpaka chujio litoke safi ni sehemu ya kazi yake, kwa siku kadhaa kama ni lazima.

Turudi kwenye karakana. Tunakushauri usiifunge. Mafundi wawili wameshaondoka, na wengine watafuata. Shule, zahanati na nyumba zitaendelea kuharibikiwa na umeme kama kawaida, na watakaobaki watakuwa na kazi nyingi kuliko walizoweza kuzipata hapo kabla. Hiyo ndiyo nusu ya habari ambayo watu hawaisemi mradi mkubwa unapoingia. Kama kijana wako mmoja tayari anaweza kufunga nyumba ndogo na ukamkagua jioni au mwisho wa wiki, mwachie uongozi wa kazi za kawaida, wewe uende kituoni kwa mkataba wa muda maalumu. Kama sheria ya leseni yako inataka uwepo wewe mwenyewe kazini, basi kazi anazobaki nazo ziwe zile tu zinazoruhusiwa. Kama vijana wote wawili bado wabichi, punguza kazi lakini usiwaambie wateja kwamba umefunga. Mteja akipata fundi mwingine hakungojei.

Utashawishika pia kuingia kama mkandarasi mdogo, na vijana wako, badala ya kuajiriwa. Tafakari pesa kabla ya heshima. Mkandarasi mdogo hulipa watu wake kila wiki au kila mwezi, lakini ankara yake huweza kulipwa siku 30 hadi 60 baada ya kupokelewa, na sehemu ya malipo, mara nyingi 5 hadi 10 kwa mia, huzuiliwa hadi kasoro zikamilike kurekebishwa. Kama huna akiba ya kulipa mishahara ya miezi mitatu bila kuingiza chochote, ajiriwa kwanza. Katika mkataba soma mambo haya kwa sauti: saa za kazi kwa wiki na malipo ya saa za ziada, nani ananunua vifaa vya kujikinga, usafiri na malazi, notisi ya kuachishwa, na kama utalipwa siku ambazo kazi imesimama kwa sababu vifaa havijafika. Transfoma na paneli kubwa huagizwa muda mrefu kabla, na zikichelewa mafundi hukaa.

Ujenzi ukiisha, hesabu ibadilike kichwani mwako mapema. Jengo lililochukua zaidi ya watu elfu huendeshwa na makumi tu. Hao makumi ni wa zamu, wanaojua kusoma paneli, kubadilisha betri, kuwasha jenereta kwa majaribio, kuandika ripoti. Na wengi wao hutoka miongoni mwa walioonekana wakati wa upimaji. Zaidi yao kuna makampuni yanayoitwa mara kwa mara kupiga picha za joto, kuhudumia UPS na majenereta, kupanua kumbi. Vituo vingi hujengwa kwa awamu, ukumbi mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo uliza awamu ngapi zimepangwa. Na kama hakuna nafasi pale, hospitali, viwanda na majengo makubwa yana UPS, majenereta na paneli za namna ile ile, na hayana mafundi wengi wanaozielewa.

Kwa miezi mitatu ijayo fanya hivi. Tafuta karakana inayotengeneza paneli za umeme na uombe kufanya kazi nao hata wiki mbili. Kubana lagi kubwa, spana ya toki na basiba vyote viko hapo. Nunua au azima kipima insulesheni, uanze kupima kila nyumba unayofunga na kuandika matokeo kwenye fomu uliyoichora mwenyewe. Ukimaliza kumi utakuwa na kitu cha kuonyesha. Chukua mafunzo ya utaratibu wa kufuli na lebo na ya jukwaa la kunyanyua kwenye chuo kinachotambuliwa, na hakikisha leseni yako haijaisha muda. Faiba ni njia nyingine nzuri kama macho yako ni makali na mkono umetulia. Humo makosa mengi ni ya uchafu kwenye ncha na ya kukunja: kebo ikiwa inavutwa isipindwe kwa nusu kipenyo kilicho chini ya mara 20 ya unene wake, ikishalala mara 10.

Wasifu wako usiandike kwamba wewe ni mchapakazi. Andika ukubwa wa kebo ulizounganisha, volti ulizofanyia kazi, vipimo unavyoweza kuendesha bila kusimamiwa, na uambatanishe fomu mbili ulizojaza. Usaili ukifika mwisho na ukaulizwa kama una swali, uliza hivi: ni nani atakayefanya upimaji wa ngazi ya tatu, ni sisi tutakaofunga au ni kampuni nyingine? Wakisema ni nyinyi, omba kuwekwa kwenye timu hiyo tangu siku ya kwanza, hata kama inaanza na malipo madogo kidogo kuliko ya kuvuta kebo.

Washauri wako